Je, Kila Kielezi cha Kiingereza Kinataka -ly?

Hoja iliyo mezani ni hii: kielezi cha Kiingereza kisichoishia na -ly ni kielezi kilichokatwa mkia, na mwandishi makini hana budi kukirudishia mkia wake. Anayeitetea ni Mwalimu, mstaafu wa somo la Kiingereza sekondari, ambaye kalamu yake nyekundu haijastaafu. Anayeipinga ni Mhariri, mama wa chumba cha habari anayepitia habari za Kiingereza kabla hazijaenda mtamboni. Kati yao amekaa Mfasiri, kijana anayepata ugali wake kwa kuhamisha maneno kati ya Kiingereza na Kiswahili na ambaye bado hajaamua yuko upande gani. Sauti zote tatu nimezitunga. Ubishi wenyewe sikuutunga, upo katika kila shule yenye walimu wawili wa Kiingereza. Mimi ni mwenyekiti, na nitaingilia pale nitakaposhindwa kujizuia.

MWALIMU: Mimi sina maneno mengi. "Slow" ni kivumishi, "slowly" ni kielezi. "Quick" ni kivumishi, "quickly" ni kielezi. Mtoto wa kidato cha kwanza unamweleza hilo kipindi kimoja tu, anatoka darasani na mamia ya maneno ambayo hakuwa nayo alipoingia. Halafu anakwenda nyumbani, anawasha televisheni, anasikia "drive slow", anasikia "come quick". Kesho yake ananiuliza: Mwalimu, kumbe ulitudanganya? Sikumdanganya. Wavivu ni wale wa kwenye televisheni. Wameona neno refu, wakalikata.

MHARIRI: Shikamoo, Mwalimu.

MWALIMU: Marahaba, binti yangu. Usinilainishe.

MHARIRI: Sikulainishi. Naanza kwa adabu kwa sababu nitakayoyasema mbele huenda yakapungukiwa nayo. Mwambie huyo mtoto aweke -ly kwenye "fast".

MWALIMU: "Fast" haiwekwi. Hicho ni kighairi, na kila kanuni ina vighairi vyake.

MHARIRI: "Hard"?

MWALIMU: Kighairi.

MHARIRI: "Straight"? "Far"? "Soon"? "Often"? "Late", kwa maana ya kuchelewa?

MWALIMU: Vighairi, binti yangu, vighairi. Niliviandika ubaoni miaka yote.

MFASIRI: Samahani, Mwalimu. Ubao ukishajaa vighairi, kanuni yenyewe ulikuwa unaiandika wapi?

MHARIRI: Muache kwanza. Kwangu mimi hili si jambo la kuchekeana, maana linaweza kugeuza habari ya kweli ikawa ya uongo. Mwandishi wa mkoani ananiletea habari ya ukame. Visima vimekauka, mifugo imekufa, watoto wameacha shule. Sentensi yake ya kwanza inasema: "The district was hardly hit by the drought." Alitaka kusema wilaya imeumizwa vibaya na ukame. Alichoandika ni kwamba ukame haukuigusa wilaya hiyo, au kama uliigusa, ni kwa kiasi kisichostahili hata kutajwa. Aya zote zinazofuata, pamoja na picha ya mizoga ya ng'ombe, zinaikanusha sentensi ya kwanza. Ilitakiwa "hard hit", basi. Sasa nikuulize, Mwalimu, yule kijana alikosea wapi? Aliona kitenzi. Akakumbuka kitenzi huelezwa na kielezi. Akakumbuka kielezi kina -ly. Akaiweka. Kosa lake ni utii.

MWALIMU: Hapo unanionea. "Hardly" nimeifundisha maisha yangu yote kwamba ni neno jingine, lina maana yake.

MHARIRI: Unaifundisha kidato cha ngapi?

MWALIMU: Cha tatu.

MHARIRI: Na -ly unaifundisha kidato cha kwanza. Kwa hiyo miaka miwili mtoto anaandika "I work hardly" kwa moyo mkunjufu, na hakuna anayemwambia kwamba amekiri uvivu wake mwenyewe.

Mwalimu hakujibu. Aliomba chai.

MFASIRI: Mimi nina neno kwa nyote wawili. Dada yangu Mhariri anaizungumzia "hardly" kana kwamba haikuwahi kukutana na "hard". Walikuwa ndugu wa karibu sana. Fungueni Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya Mfalme James, Mwanzo sura ya 16, pale Sarai anapomtesa Hajiri mpaka yule mjakazi akatoroka. Kielezi kinachoeleza jinsi Sarai alivyomtendea ni "hardly", na maana yake pale ni kwa ukali. Kisha nendeni Mathayo sura ya 19, kwenye habari ya tajiri na ufalme wa mbinguni. Ni "hardly" tena, lakini ukali umeondoka. Sasa ni ugumu wa jambo lenyewe: tajiri ataingia kwa taabu. Biblia yetu ya Union Version pale inatumia neno "shida", na imepatia kabisa. Msomaji wa leo akiisoma ile ya Kiingereza harakaharaka atadhani ameambiwa tajiri haingii.

MHARIRI: Kwa sababu leo "hardly" imekwenda mbali zaidi.

MFASIRI: Imekwenda hatua moja tu. Kwanza kwa ukali, kisha kwa shida, kisha kidogo mno kiasi cha kukaribia kutokuwapo. Na sisi njia hiyo tunaijua. Mtu akikwambia mgonjwa "anapumua kwa shida", je, anapumua au hapumui? Anapumua, ila pumzi ni chache. Isogeze maana hiyo kidogo tu mbele, utaikuta "hardly".

MWALIMU: Kwa hiyo mwandishi wako wa ukame, binti yangu, angeandika mwaka 1611 angekuwa sahihi.

MHARIRI: Angekaribia. Amechelewa tu kwa miaka mia nne.

MWALIMU: Vema. Lakini mmenisaidia bila kujua. Kama "hardly" ndiyo iliyokuwa na maana ya "kwa ukali", basi umbo lenye -ly ndilo la asili, na "hard" likaja baadaye kwa mkato. Ndicho nilichokisema tangu mwanzo.

MFASIRI: Hapana, mzee wangu. Ni kinyume chake.

Hapa naomba msomaji avumilie, kwa kuwa ndiyo sehemu ya mjadala huu iliyo na uzito kuliko zote, na vitabu vingi vya shule huiruka.

MFASIRI: Kiingereza cha Kale, kile kilichosemwa kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, kilitengeneza kielezi kwa kuongeza -e mwishoni mwa kivumishi. "Heard" ilikuwa kivumishi, -gumu. "Hearde" ilikuwa kielezi. "Deop" ni kitu chenye kina, "deope" ni kwa kina. "Wid" ni kipana, "wide" ni kwa upana. Kwa hiyo kielezi kilikuwa na alama yake, na alama hiyo ilikuwa irabu moja tu. Sasa irabu za mwisho katika Kiingereza zikaanza kumezwa. Katika mashairi ya Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, nyingi bado zinahesabika kwenye mizani. Vizazi vichache baadaye zikawa zimekwisha midomoni mwa watu. "Heard" na "hearde" zikabaki na sauti moja: "hard". Hakuna aliyekata -ly hapo. Haikuwapo ya kukatwa. Kilichodondoka ni -e.

MWALIMU: Na -ly ilitoka wapi?

MFASIRI: Mlango mwingine. Kulikuwa na neno "lic", maana yake mwili au umbo. Lilibandikwa kwenye nomino likazaa vivumishi: "freond" ni rafiki, "freondlic" ni -enye umbo la rafiki. Nacho kivumishi hicho kikitaka kuwa kielezi kiliongezewa ile -e: "freondlice". Irabu ilipoanguka na ile "c" ikalegea mpaka ikatoweka, "lic" na "lice" zote mbili zikawa -ly. Ndiyo maana Kiingereza cha leo kina "friendly", "lovely" na "brotherly", ambazo zina -ly na bado ni vivumishi. Na ndiyo maana kina "hard", "fast" na "deep", ambazo hazina -ly na bado ni vielezi. Kanuni ya Mwalimu inavunjika pande zote mbili kwa sababu moja.

MWALIMU: Nikiwaambia wanafunzi waandike "he greeted me friendlily" wananicheka.

MHARIRI: Wana haki. Waambie waandike "in a friendly way".

MFASIRI: Au waulize wanasemaje kwao. "Mechi ya kirafiki", pale ni kivumishi. "Walizungumza kirafiki", pale ni kielezi. Neno ni lilelile na hakuna mtu nchini aliyewahi kulalamika kwamba limekatwa. Mtoto wa kidato cha kwanza anajua tangu nyumbani kwamba neno moja linaweza kufanya kazi mbili. Sisi ndio tunaomsahaulisha.

MWALIMU: Historia tamu, lakini mwaka 1066 haumo kwenye mtaala. Kiingereza tunachokipima kwenye mtihani ni cha leo, na cha leo kina sarufi iliyoandikwa.

MHARIRI: Iliyoandikwa na nani?

MWALIMU: Na wenye lugha.

MHARIRI: Na wachache wao, Mwalimu. Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa askofu wa London, alitoa kitabu chake kidogo cha sarufi mwaka 1762. Humo akasema kutumia kivumishi mahali pa kielezi hakuendani na tabia ya Kiingereza, na akawanyooshea kidole waandishi wakubwa waliomtangulia, Dryden na Swift wakiwemo. Mwaka 1795 akafuata Lindley Murray, mzaliwa wa Pennsylvania aliyehamia York, akachota mengi kutoka kwa Lowth, na kitabu chake kikaenea katika shule za Uingereza na Marekani. Kutoka huko hukumu ikatembea shule kwa shule hadi ikaufikia ubao wako.

MWALIMU: Na walikuwa sahihi! Leo nani anaandika "extreme hot"? Nani anaandika "exceeding great", kama ile Biblia ya 1611 ilivyojaa "exceeding"? Watu wote wanaandika "extremely", "exceedingly". Sarufi ilisema, lugha ikasikia. Usiniambie kanuni za wasomi hazishindi.

Nakiri kwamba hapo Mwalimu alipiga goli. Vielezi vya kukuza sifa, vile vinavyofanya kazi ya "sana" na "mno", vilikuwa vifupi kwa wingi katika Kiingereza cha karne ya 17, na leo katika uandishi rasmi karibu vyote vimevaa -ly. Mmarekani anaposema "real good" anaendeleza desturi ya zamani, lakini hathubutu kuiandika kwenye barua ya benki.

MHARIRI: Nakupa hilo. Walishinda kwenye kukuza sifa. Kwenye vitenzi vya mwendo na nguvu hawakushinda. Watu wanaendelea "run fast", "go straight", "hold tight", "dig deep". Barabarani Uingereza wameandika SLOW kwa herufi kubwa nyeupe juu ya lami, na hakuna aliyetumwa na brashi kwenda kuongeza herufi mbili. Shakespeare anaanza A Midsummer Night's Dream na mtawala anayelalamika jinsi mwezi unavyopungua "slow". Halafu njoo hapa kwetu. Wafanyakazi wa Kenya wakianza mgomo baridi, magazeti ya Kiingereza ya Nairobi yanauitaje?

MWALIMU: "Go-slow".

MHARIRI: Kuna mwalimu aliyewahi kugoma "go-slowly"?

MWALIMU: Huko Nigeria nasikia "go-slow" ni foleni ya magari.

MFASIRI: Ndiyo, na foleni hiyo nayo haina -ly. Lakini tusimbane mzee kwa "slow" peke yake, kwa sababu "slow" na "slowly" zina jambo lake. Hizo mbili zinasema kitu kimoja. Kama sisi tulivyo na "pole" na "polepole". Tunasema mwenda pole hajikwai, na hatusemi mwenda polepole hajikwai. Ukimwelekeza dereva leo utamwambia aende polepole, hutamwambia aende pole. Umbo fupi limehifadhiwa kwenye methali, refu ndilo la kila siku. Nani kati yetu ataisahihisha methali?

MWALIMU: Hakuna.

MFASIRI: Basi "slow" na "slowly", "quick" na "quickly", "loud" na "loudly", "cheap" na "cheaply" nazo ziko hivyo. Maana ni moja, tofauti ni mahali pa kulivaa neno. Na kuna tofauti ndogo ambayo Mwalimu ataipenda, kwa kuwa inafundishika. Umbo fupi haliwezi kumtangulia mwenzake kitenzi. Utasema "he drove slow" na utasema "he drove slowly". Utasema pia "he slowly drove away". Lakini "he slow drove away" haikubaliki kwa Mwingereza yeyote, wa shule au wa kijiweni. Angalieni na wale ndugu wawili wa mwanzo: "he worked hard", baada ya kitenzi, "he hardly worked", kabla yake. Mwanafunzi akishika mahali, nusu ya makosa inakwisha.

MHARIRI: Nilikuwa sijaliweka hivyo, lakini ni kweli. Na "nearly" pia: "he nearly drowned".

MFASIRI: Hapo tunafika kwenye taabu ya wafasiri. "Karibu." Nyumba iko karibu na mto: "near". Karibu azame: "nearly". Nimemwona hivi karibuni: "lately" au "recently". Neno moja letu, na tawi lake la -ni, linataka maneno matatu yao. Mwanafunzi anaandika "I live nearly the river" na mwalimu anamwekea mkasi, lakini katika kichwa cha mwanafunzi hakuna kosa. Ameambiwa kielezi kina -ly, na "karibu" kwake ni neno moja.

MWALIMU: Na "lately"?

MHARIRI: "Lately" inauza magazeti kwa vichekesho. "The minister arrived late" ni waziri aliyechelewa. "The minister has not been seen lately" ni waziri ambaye siku hizi haonekani, na hilo ni habari kubwa zaidi. Nimeona rasimu isemayo "the minister arrived lately at the rally". Nikampigia mwandishi simu: alichelewa, au amekuja juzijuzi? Hakuelewa swali langu.

MFASIRI: Ndipo ninapowaambia watu wafikirie "mbali" na "mbalimbali". "Walikaa mbali." "Walikaa mahali mbalimbali." Umbo limeongezwa, na maana imeondoka kabisa kwenye umbali ikaenda kwenye utofauti. Hakuna Mswahili anayedhani "mbali" ni "mbalimbali" iliyokatwa nusu. "Hard" na "hardly", "late" na "lately", "near" na "nearly" wako hivyohivyo leo. Walizaliwa pamoja, kila mmoja akajenga kwake.

MWALIMU: Kijana, sasa unanipa kitu cha kuandika ubaoni. Endelea. "High" na "highly"?

MFASIRI: Ndege inaruka "high", unaona kwa macho iko juu. Mtu anasifiwa "highly", hapo hakuna juu wala chini, ni kiwango. "Dig deep", shimo lina kina. "Deeply sorry", hakuna shimo. Mlango umefunguliwa "wide". Mwimbaji anajulikana "widely". Kwa jumla fupi hupenda mahali, kipimo na nguvu inayoonekana, refu hupenda hisia, kiwango na mambo ya kichwani. Si sheria ya chuma, ila ukiwa huna kamusi itakufikisha.

MHARIRI: Usisahau "free". Hoteli ikiandika "children eat free", mzazi halipi. Ikiandika "children eat freely", watoto wamefunguliwa jikoni na bili inakuja.

Mwalimu alicheka kwa mara ya kwanza. Kisha akarudi na silaha ambayo Mhariri hakuitegemea.

MWALIMU: Na mnasemaje kuhusu supu? Mwanafunzi anaandika "the soup smells nicely". Hapo ana -ly, ana kitenzi, na bado namkata. Hilo ni kosa la kanuni yangu au la nani?

MHARIRI: La kanuni yako tena. Vitenzi kama "smell", "taste", "look", "feel" na "sound" vinapoeleza hali ya kitu, havielezi namna ya kufanya. Supu haifanyi kazi ya kunusa. Inataka kivumishi: "smells nice".

MFASIRI: La Kiswahili pia, dada. Sisi tunasema supu inanukia vizuri, na "vizuri" kwetu ni kielezi. Mtoto ametafsiri kwa uaminifu mkubwa. Ndiyo maana anaandika pia "you look beautifully". Hapa lugha ya mama imeshikana mikono na kanuni ya shule, na wote wawili wakampeleka mtoto shimoni. Mwalimu asiyejua Kiswahili hawezi kuliona hilo, anaona kosa tu. Wewe mzee wangu unaweza kuliona kabla hata halijaandikwa.

MWALIMU: Hilo nalichukua.

MHARIRI: Mwingereza mwenyewe, Mwalimu, amekuwa akionywa juu ya -ly isiyo na kazi kwa muda mrefu. Henry Fowler, ambaye kitabu chake cha matumizi ya Kiingereza cha mwaka 1926 kilikaa kwenye meza za wahariri kwa vizazi, ana kidahizo kizima juu ya -ly inayobandikwa mahali ambapo lugha haiitaki. Mtu huyo hakuwa rafiki wa uzembe.

MWALIMU: Nimewasikiliza. Sasa nisikilizeni. Ninyi mnazungumza kama watu ambao Kiingereza wameshakipata. Mimi nazungumza kwa niaba ya mtoto ambaye kesho ana mtihani. Mtoto huyo akiandika "the driver drove slowly", hakuna msahihishaji duniani atakayemkata. Akiandika "drove slow", anaweza kukutana na Lowth wenu, au anaweza kukutana nami. Siwezi kumfundisha mtoto wa watu kamari. Kampuni ya Apple mwaka 1997 iliweka mabango ya "Think Different", na watu wa sarufi wakapiga kelele. Apple ina fedha za kuvumilia kelele. Mtoto wa kidato cha nne hana. Anayekwenda kufanya usaili wa kazi hana. Kiingereza chetu ni cha kupimwa, si cha kujiachia.

Ukumbi ulikaa kimya kidogo, na nadhani ilikuwa haki. Hoja hii haijibiwi na Chaucer.

MHARIRI: Mwalimu, kwa "slow" na "quick" niko nawe. Katika maandishi rasmi nami naziwekea -ly, na nimeziwekea leo asubuhi. Ninachokataa ni jina ulilolipa. Usimwambie mtoto "slow" ni uvivu au ni kosa. Mwambie ni umbo la mazungumzo na la vibao vya barabarani, na kwenye insha tunatumia lile jingine. Ukimwambia ni kosa, atakwenda kulirekebisha "kosa" hilohilo kwenye "hard", na safari hii atakuwa amejichimbia.

MWALIMU: Na kwenye karatasi ya mtihani, "drove slow" niiwekee nini?

MHARIRI: Iwekee mstari chini, usiikate alama.

MWALIMU: Hapo hatutakubaliana. Mstari bila alama ni ushauri, na watoto hawasomi ushauri.

MFASIRI: Mimi ningeikata nusu alama.

MHARIRI: Mfasiri, hata hapo unataka kukaa katikati?

Wamebaki hivyo, na sikuwalazimisha kupatana. Uamuzi wa mwenyekiti ni kwamba hoja iliyo mezani imeanguka: umbo fupi la kielezi cha Kiingereza si umbo refu lililokatwa, na anayeliongezea -ly kila anapoliona atasema uongo mara nyingi kuliko atakavyosema kweli. Kwa "slow" na wenzake ninampa Mwalimu ushindi wake katika maandishi rasmi, na suala la alama nawaachia wasahihishaji. Lakini nawaomba walimu wa kidato cha kwanza kitu kimoja. Siku mnapofundisha "quick" na "quickly", andikeni ubao huohuo, kipindi hichohicho, "he works hard" na "he hardly works", kila sentensi na Kiswahili chake pembeni. Msisubiri kidato cha tatu.

Nawe uliye na barua ya maombi ya kazi mezani, kabla hujaituma, ipitie ukiitafuta "hardly". Kama ulikusudia kusema unafanya kazi kwa bidii, futa herufi mbili za mwisho.